Johannes Rebmann: mmisionari aliyeona theluji na hakuaminiwa



Hapa Kongolo, kama kwenu Kalemie, Nyunzu, Uvira au Bukavu, habari inakwenda mbio kuliko gari ya moshi. Mtu anapokea ujumbe kwenye simu saa mbili za usiku kwamba watu wenye silaha wamevuka mto, na kabla ya saa nne jamaa nzima imefunga mizigo. Mara nyingine habari ni ya kweli, na waliokimbia wamepona. Mara nyingine hakuna aliyevuka, na waliokimbia wameacha mashamba na kuku zao bure. Kisha, kwa sababu ya uongo mwingi uliotangulia, siku ya habari ya kweli watu wanakataa kusikia. Ndani ya kanisa ni hivyo hivyo. Huyu anasema ameonyeshwa, yule anasema ameambiwa, na mchungaji anaulizwa amwamini nani.

Swali la kujua namna tunavyojua, na mahali ambapo kujua kwetu kunaishia, wanafilosofia wa Ujerumani waliliandikia vitabu vinene. Vitabu hivyo tulivisoma katika shule ya teolojia, na wengi wetu tuliviweka kando baada ya mtihani. Leo napenda tupitie njia nyingine: maisha ya mchungaji mmoja Mjerumani aliyeishi Afrika ya Mashariki miaka 29. Alisema kweli akakataliwa na wenye elimu. Pia alichora jambo lililokuwa na kosa, na wenye elimu wakalifuata. Jina lake ni Johannes Rebmann.

Mtoto wa Gerlingen

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, kijiji cha wakulima karibu na mji wa Stuttgart, katika ufalme wa Württemberg, kusini mwa Ujerumani. Nchi hiyo ilikuwa na Wakristo wengi walioitwa Wapietisti. Walikuwa watu wa kanisa la Kilutheri ambao, pamoja na ibada ya Jumapili, walikusanyika nyumbani kusoma Biblia, kuomba na kuonyana, karibu kama vikundi vyetu vya maombi vya mitaani. Kutoka katika nyumba za namna hiyo walitoka wamisionari wengi wa karne ile.

Kijana Rebmann alipokelewa katika seminari ya Misheni ya Basel, Uswisi, shirika lililoanzishwa mwaka 1815. Kutoka huko alipelekwa London, kwenye chuo cha Church Missionary Society, shirika la misheni la Waanglikana, ambalo lilikuwa na kazi nyingi na Waingereza wachache waliokuwa tayari kwenda. Mwaka 1845 aliwekewa mikono kuwa mtumishi wa kanisa, na mwaka uliofuata akapanda meli kuelekea Mombasa.

Tukumbuke hali ya mawazo katika Ujerumani ya wakati ule. Mbali kaskazini, katika mji wa Königsberg, alikuwa ameishi Immanuel Kant (1724–1804). Wenye mashaka wa zamani zake, hasa Mskoti David Hume, walikuwa wamefika mahali pa kuuliza kama mwanadamu anaweza kujua jambo lolote kwa hakika. Kant alijibu mwaka 1781 katika kitabu chake kikubwa kuhusu akili na mipaka yake. Kwa ufupi alifundisha hivi: kujua kwetu kunaanzia katika yale tunayopokea kwa macho, masikio na mikono, na akili inayapanga kwa namna yake yenyewe. Lakini akili ikiacha kabisa yale yanayoonekana na kuguswa, ikaruka peke yake, inaweza kuthibitisha jambo na kinyume chake pia. Hapo ndipo mpaka ulipo.

Katika mji ule ule aliishi rafiki yake, Johann Georg Hamann (1730–1788), mtu aliyemrudia Mungu mwaka 1758 akiwa London, katika kusoma Biblia peke yake chumbani. Hamann alimwambia rafiki yake kwamba amesahau lugha. Hakuna akili inayofikiri bila maneno, na maneno hatukuyatunga wenyewe, tuliyapokea kwa wazazi na majirani. Johann Gottfried Herder, mchungaji aliyekuwa mwanafunzi wa Kant, alifundisha vilevile kwamba kila taifa linaushika ulimwengu kwa lugha yake.

Rebmann hakuwa mwanafilosofia. Lakini maswali hayo matatu yalimngojea Afrika: macho yanaweza kujua nini, akili ina haki ya kukataa nini, na lugha inaweza kubeba nini.

Rabai

Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846. Aliyempokea alikuwa Johann Ludwig Krapf, mtu wa Württemberg kama yeye, aliyekuwa ametangulia miaka miwili. Krapf alikuwa peke yake. Mke wake Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wamekufa kwa homa mwezi wa Julai 1844, na makaburi yao yalikuwa ng'ambo ya maji, upande wa bara.

Tarehe 25 Agosti 1846 wamisionari hao wawili, wote wakiwa wagonjwa wa homa, walipanda vilima hadi Rabai, katika nchi ya Wamijikenda, wakaanza kituo chao. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Aliota vituo vya misheni vimefuatana kutoka Mombasa kuvuka bara lote mpaka bahari ya magharibi. Rebmann alikuwa mtu wa kukaa mahali pamoja, kusikiliza na kuandika. Hata hivyo ni yeye aliyetangulia kuingia mbali barani. Mwezi wa Oktoba 1847 alifika mlima Kasigau katika nchi ya Wataita. Mwisho wa Aprili 1848 akaondoka kwenda kwa Wachaga.

Alisafiri na watu wachache, bila bunduki yake mwenyewe. Alikuwa na mwavuli. Kiongozi wa njia alikuwa Bwana Kheri, Mswahili wa Pwani aliyezoea njia za biashara ya pembe. Watu wa Pwani walikuwa wamewaonya juu ya mlima mkubwa wa Wachaga. Walisema una majini, na kwamba waliojaribu kuupanda walikufa au walirudi na miguu iliyokakamaa.

Tarehe 11 Mei 1848

Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona mbele yake milima ya Uchaga, na juu ya mmoja kitu cheupe sana. Kwanza alidhani ni wingu. Alimwuliza Bwana Kheri ni nini kile. Bwana Kheri hakuwa na jina lake. Alijibu kwa neno alilokuwa nalo: baridi.

Hapo Rebmann alielewa. Alikuwa mtoto wa nchi ambayo theluji inaanguka kila mwaka, na alikuwa amesoma Basel, mji usio mbali na milima ya Uswisi. Kile cheupe kilikuwa theluji. Hadithi za majini nazo zilianza kueleweka. Watu wasiojua theluji walikuwa wamepanda bila nguo za kutosha, baridi kali ikagandisha vidole na miguu, na waliobaki wakatafuta maelezo kwa maneno waliyokuwa nayo. Alisimuliwa pia kwamba watu walidhani kitu kile ni fedha, lakini kilipoteremshwa chini kikageuka kuwa maji matupu. Walioona hayo hawakuwa wajinga. Walisema kwa uaminifu yale waliyoona, na yote yalipatana na theluji.

Siku ile Rebmann alikaa chini akasoma Biblia yake. Katika kusoma kwake kwa mfuatano alikuwa amefika Zaburi ya 111, ile inayosifu matendo makuu ya Bwana na kusema yanachunguzwa na wote wanaoyapenda. Aliandika katika daftari lake kwamba maneno hayo yaliingia moyoni mara mbili zaidi mbele ya mlima ule.

Tuangalie vizuri jambo hili la lugha. Bwana Kheri alikijua kitu lakini hakuwa na jina lake. Watu wa Ulaya walikuwa na jina lakini hawakujua kwamba kitu hicho kiko Afrika. Mgeni peke yake angesema ni wingu. Mwenyeji peke yake angesema ni baridi. Ujuzi ulipatikana pale wawili hao walipoulizana njiani.

Mwenye elimu asiyetoka nyumbani

Barua ya Rebmann ilifika London, na mwaka 1849 ikachapishwa katika gazeti la shirika lake, Church Missionary Intelligencer. Aliyeikataa kwa nguvu zaidi ni William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika, mtu aliyesoma karibu kila kilichoandikwa juu ya bara hili na ambaye hakuwahi kukanyaga hapa. Katika kitabu chake cha mwaka 1852 alidai kuifunua Afrika ya ndani, na katika kitabu hicho hicho aliipinga theluji ya Kilimanjaro. Kwake yeye, mmisionari alikuwa ameona kwa mawazo yake kuliko kwa macho yake, na macho yenyewe yalikuwa dhaifu.

Cooley hakuwa mpumbavu. Mashaka yake yalikuwa na sababu. Wasafiri wengi wamedanganya, na mtu aliyekaa mezani anapaswa kupima habari anazoletewa. Lakini mashaka yake yalivuka mpaka. Ilikuwa imekwisha kujulikana Ulaya kwamba katika Amerika ya Kusini, karibu kabisa na ikweta, iko milima yenye theluji. Mjerumani Alexander von Humboldt alikuwa amepanda mmoja wao, Chimborazo, mwaka 1802. Kwa hiyo hakuna sheria ya asili iliyokataza theluji ya Kilimanjaro. Ndugu zetu wa upande wa Beni, ambao siku ya anga safi wanaona weupe wa Ruwenzori, wangecheka ubishi huo.

Kant angeweza kumweleza Cooley kosa lake. Yeye mwenyewe alifundisha jiografia Königsberg kwa miaka mingi bila kusafiri mbali na mji wake, na alitegemea taarifa za wasafiri. Alijua kwamba mwenye kukaa nyumbani hawezi kuishi bila ushahidi wa wengine. Akili inaweza kuuliza maswali ya shahidi. Inaweza kulinganisha, kungoja, kutuma mtu mwingine. Lakini juu ya jambo linaloonekana kwa macho, akili haina uwezo wa kutoa hukumu peke yake kutoka kitini.

Uthibitisho ulikuja polepole. Krapf aliuona Kilimanjaro mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akaona mlima Kenya, nao una theluji. Cooley hakukubali. Mwaka 1861 Mjerumani mwingine, Karl Klaus von der Decken, alifika mlimani pamoja na Mwingereza Richard Thornton, mtaalamu wa mawe. Mwaka 1862 alirudi na Otto Kersten, wakapanda zaidi ya mita 4,000, na theluji ikawaangukia. Cooley aliendelea kubisha. Wakati huo miaka 14 ilikuwa imepita tangu asubuhi ile ya mwezi wa Mei.

Rebmann alijibu wapinzani wake, kisha akarudi kwenye kazi. Alifanya safari mbili nyingine kwa Wachaga. Ya tatu, mwaka 1849, ilikuwa ya taabu. Alitaka kupita mpaka Unyamwezi, lakini mtawala wa Machame alimmaliza vitu vyake kidogo kidogo kwa kudai zawadi, naye akarudi Rabai bila kitu na mgonjwa.

Bahari moja iliyokuwa maziwa matatu

Sasa tunafika kwenye habari inayotuhusu sisi watu wa Tanganyika.

Mwaka 1849 alifika mmisionari mwingine wa Württemberg, Jakob Erhardt. Yeye na Rebmann waliwauliza wafanyabiashara wa misafara, kwa muda mrefu na kwa makini, njia zao zinaishia wapi. Mwaka 1854 Erhardt alikaa miezi kadhaa Tanga kwa kazi hiyo. Waliotoka bandari za kusini walisema njia yao inaishia kwenye maji makuu. Waliokwenda Ujiji walisema vilevile. Waliokwenda kaskazini zaidi walisema vilevile. Wamisionari wakajumlisha: ikiwa njia zote zinaishia kwenye maji makuu, basi ni maji yale yale. Wakachora ramani yenye bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, yenye umbo la konokono asiye na nyumba. Wakaiita bahari ya Uniamesi.

Erhardt aliporudi Ulaya mwaka 1855, ramani ilichapishwa Ujerumani, na ikasisimua London. Watu wale wale waliokuwa wamekataa theluji iliyoonwa kwa macho walikaa saa nyingi wakijadili bahari iliyosikiwa kwa masikio.

Leo tunajua kosa lilikuwa wapi. Yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile linaloitwa sasa Victoria. Na sehemu ya kosa ilikuwa ndani ya lugha. Nyasa na nyanza, katika lugha za wenyeji, ni maneno ya kawaida ya maji makubwa, kama sisi tunavyosema ziwa. Mtu akisema amefika ziwani, hajasema bado ni ziwa gani. Mashahidi wote walisema kweli. Waliounganisha ushahidi ndio waliovuka mpaka, kwa sababu walichukua neno la kawaida kama jina la kitu kimoja.

Lakini Mungu anaweza kutumia hata ramani yenye kosa. Chama cha jiografia cha London kilituma Richard Burton na John Hanning Speke kwenda kutazama. Mwezi wa Januari 1857 walimtembelea Rebmann karibu na Mombasa wakiwa na nia ya kumchukua. Hakwenda nao. Mwezi wa Februari 1858 walifika ziwa Tanganyika upande wa Ujiji, na mwezi wa Machi Speke alivuka kwa mtumbwi mpaka kisiwa cha Kasenge, karibu na ufuko wetu wa magharibi. Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Speke aliona ziwa la kaskazini, na mwaka 1859 David Livingstone alifika Nyasa. Bahari moja ikagawanyika kuwa tatu, kwa sababu watu walikwenda kuona.

Hata mto wetu ulipitia historia ya namna hiyo. Mwaka 1871 Livingstone alisimama Nyangwe, chini ya Kongolo, akitumaini kwamba Lualaba ni Nile. Alikufa mwaka 1873 bila kujua. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alipima kimo cha mto pale Nyangwe, akaona uko chini mno kuweza kupanda kwenda Nile. Mwaka 1877 Henry Morton Stanley alitokea kwenye bahari ya Atlantiki akiwa ameufuata. Maji yanayopita chini ya daraja letu yaliwashinda wataalamu wa Ulaya miaka mingi, wakati wavuvi wa kila kijiji walijua vizuri kipande chao.

Miaka ya kamusi

Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Rebmann alibaki. Mwaka 1851 alikuwa amefunga ndoa huko Misri na Emma Tyler, mjane Mwingereza. Walipata mtoto mmoja, aliyekufa akiwa mchanga sana. Mwaka 1857 uvamizi wa Wamaasai uliwafukuza, wakakaa Zanzibar kwa muda, kisha wakarudi. Emma alikufa mwaka 1866, akazikwa kule kule.

Kazi ambayo Rebmann aliipenda zaidi ilikuwa ya maneno. Aliandika maneno ya Kiswahili, ya lugha ya Warabai, na ya Kinyasa. Hii ya mwisho ina habari ya kugusa moyo. Alikutana na mtumwa mmoja aitwaye Salimini, mtu wa upande wa ziwa Nyasa, aliyekamatwa na kuuzwa Pwani. Rebmann hakuwahi kufika nchi ya Salimini. Alikaa naye siku baada ya siku, neno baada ya neno, akiandika jinsi watu wa kwao wanavyoita mvua, mbegu, ndugu, kifo. Biashara ya watumwa ilikuwa imemnyang'anya Salimini nchi na jamaa. Lugha yake haikuweza kunyang'anywa, na kupitia kinywa chake iliingia katika kitabu. Kamusi hiyo ilichapishwa mwaka 1877, Rebmann akiwa amekwisha kufa. Krapf ndiye aliyeitengeneza kwa mtambo.

Rebmann pia alitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili, iliyochapishwa mwaka 1876. Maneno aliyokusanya yaliingia pia katika kamusi ya lugha ya Warabai iliyotoka mwaka 1887 kwa jina lake na la Krapf.

Tusimfanye malaika. Hakuwa mtu mwepesi wa kushirikiana. Wenzake waliokuja baadaye walimwona amejifungia na makaratasi yake, na shirika lake liliuliza matunda yako wapi, kwa kuwa waliobatizwa Rabai katika miaka hiyo yote walikuwa wachache sana. Alipotembelewa na mjumbe wa serikali ya Uingereza, Bartle Frere, mwaka 1873, alikuwa karibu kipofu, kati ya kamusi zake na kikundi kidogo cha waamini.

Mwaka 1875 alikubali kuondoka. Hakuwa ameiona nchi yake tangu mwaka 1846. Aliongozwa na Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai, mtoto wa mmoja wa waamini wa kwanza. Mwafrika alimshika mkono mzee kipofu kumrudisha Ulaya, kama Bwana Kheri alivyomwongoza kijana mwenye macho kuelekea mlimani. Rebmann alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, jirani na Krapf. Alioa tena, mjane wa mmisionari. Tarehe 4 Oktoba 1876 alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, miaka 56.

Cooley alikuwa amesema macho ya Rebmann ni dhaifu. Mwishoni yalizimika kweli. Lakini theluji haikuondoka mlimani kwa sababu ya hayo. Jambo likiwa kweli siku lilipoonwa, linabaki kweli hata shahidi akiwa kipofu, maskini, au hana wa kumtetea.

Kwetu leo

Wapendwa, maisha haya yanatupa nini?

Kwanza, tutenganishe maneno matatu: nimeona, nimesikia, nadhani. Rebmann aliposema nimeona, alikuwa sawa. Yeye na mwenzake walipojumlisha waliyosikia, walikosea, ingawa kila shahidi wao alikuwa mwaminifu. Katika matangazo ya kanisa, katika ujumbe wa simu, katika kamati ya wakimbizi, kila anayeleta habari aulizwe kwa upole ni neno gani kati ya hayo matatu analolileta. Torati iliweka sharti la mashahidi wawili au watatu (Kumbukumbu la Torati 19:15) kwa sababu Mungu anajua udhaifu wetu. Na anayesema ameonyeshwa na Roho asikasirike akipimwa. Paulo aliagiza manabii wapimwe (1 Wakorintho 14:29), wala hakuona hilo kuwa matusi kwa Roho.

Pili, mashaka yana kazi yake na yana mpaka wake. Tomaso aliposhindwa kuamini, hakukaa nyumbani kuandika kitabu dhidi ya wenzake. Juma lililofuata alikuwa pamoja nao chumbani, na pale Bwana alimkuta (Yohana 20). Filipo hakubishana na Nathanaeli juu ya Nazareti, alimwalika aje kutazama (Yohana 1). Mwenye mashaka anayekubali kwenda tumpokee. Mwenye mashaka anayekataa kwenda, na bado anatoa hukumu, anajibu kabla ya kusikia, na Mithali 18:13 inaliita jambo hilo upumbavu. Hii inawahusu pia wakubwa walio mbali, wa serikali, wa mashirika na hata wa makanisa, ambao mama anawaeleza yaliyompata kijijini naye haaminiwi kwa sababu hana cheo. Mkutano wa kwanza ambapo shahidi wa namna hiyo anapaswa kusikilizwa ni kanisa.

Tatu, tusikilize lugha ya jirani. Sisi wa Kongolo tuna Kihemba, Kisongye, Kiluba, Kibangubangu, na juu yake Kiswahili na Kifaransa. Mara ngapi ugomvi umeanza kwa sababu neno moja lilichukuliwa kwa maana ya lugha nyingine? Kabla ya kusema mtu amedanganya, tuulize neno lake lina maana gani kwao. Huenda amesema baridi, na theluji ipo.

Mwisho, tuvumilie mpaka wetu. Mtume anatukumbusha kwamba sasa tunajua kwa sehemu, na siku ya kujua kikamilifu inakuja (1 Wakorintho 13). Mkristo anayekiri kwamba anajua kwa sehemu hapungukiwi imani. Anampa Mungu nafasi yake, na anampa ndugu yake sababu ya kumwamini anaposema: hili nimeliona.

Bwana atupe macho ya kuona, masikio ya kusikia, na vinywa visivyoongeza wala kupunguza. Mbarikiwe nyote.